Jamshedpur na Tatanagar: mtu mmoja, mji mmoja, majina mawili

Ukitaka kwenda Jamshedpur kwa gari-moshi ukitokea Kolkata, utavuka kwanza mto Hooghly, utaingia katika stesheni kubwa ya Howrah, na hapo utaomba tiketi. Tiketi hiyo haitaandikwa Jamshedpur. Itaandikwa Tatanagar. Baada ya kilomita 250 hivi kuelekea magharibi utashuka mahali ambapo bango linasema Tatanagar, lakini ukiingia mjini, mabango ya maduka na ya shule yanasema Jamshedpur. Mji ni mmoja, majina ni mawili, na yote mawili ni ya mtu mmoja: Jamsetji Nusserwanji Tata. Mji ulichukua jina lake la kwanza, stesheni ikachukua jina la ukoo wake. Mwenyewe hakuuona mji huo hata siku moja. Alifariki Ujerumani mwaka wa 1904, na kazi ya kujenga ilianza mwaka wa 1908.

Nilikutana na mji huu katika kozi ya majina ya watu na ya mahali. Mwalimu alitaka kila mwanafunzi achukue mji mmoja wa nje ya Afrika uliozaliwa na kiwanda, auelezee jina lake mbele ya wenzake. Tuliokota vikaratasi. Mwenzangu mmoja alipata Essen, mwingine Pittsburgh, mimi nikapata Jamshedpur. India sijafika. Ninayoyaandika hapa yametoka katika vitabu na ramani. Kazi ile niliitoa, alama zikaandikwa, lakini swali moja halikuniacha: mji ukipewa jina, ni nani anayesikika katika jina hilo, na ni nani anayenyamazishwa? Nalileta kwenu, wasomaji wa jarida letu, kwa sababu sisi tunaoishi Lubumbashi tunaishi ndani ya swali hilohilo.

Tuanze na maneno yenyewe, kama tulivyofundishwa. Kiishio *-pur* kimetoka katika Kisanskriti na maana yake ni mji. Mnakiona katika Nagpur, Jaipur, Raipur. *Nagar* nalo ni neno la Kisanskriti lenye maana ya mji. Basi Jamshedpur ni "mji wa Jamshed" na Tatanagar ni "mji wa Tata". Jamshed ni jina la Kiajemi, la mfalme wa hadithi za kale za Uajemi. Linapatikana India kwa sababu Jamsetji Tata, aliyezaliwa Navsari katika Gujarat mwaka wa 1839, alikuwa Parsi. Maparsi ni wazao wa Waajemi wafuasi wa Zoroasta waliohamia pwani ya magharibi ya India karne nyingi zilizopita. Kwa hiyo jina la mji lina kichwa cha Kiajemi na mkia wa Kisanskriti, na aliyelitangaza, tarehe 2 Januari 1919, alikuwa Mwingereza, Lord Chelmsford, mtawala mkuu wa India wakati huo.

Sasa tazameni jambo moja ambalo mwanafunzi wa lugha hawezi kulipita. Kabla ya kiwanda, nchi ile ilikuwa ya wakulima na wawindaji wa msituni: Wasantal, Waho, Wabhumij na majirani wao. Kisantali na Kiho ni lugha za tawi la Kimunda, katika familia ya Kiaustroasia. Ndugu zao wa mbali ni Kikhmer cha Kambodia na Kivietnam. Kiajemi na Kisanskriti ni lugha za Kihindi-Kiulaya, ndugu wa mbali wa Kifaransa. Maana yake ni kwamba jina la Jamshedpur, kwa ukoo wa lugha, liko karibu zaidi na Kifaransa tunachosomea darasani kuliko na lugha ya Msantal aliyekuwa akilima mahali pale. Hakuna hata silabi moja ya kwao iliyoingia katika jina jipya.

Mahali penyewe palikuwa na majina. Kijiji kiliitwa Sakchi. Stesheni ndogo iliyokuwa karibu, kwenye reli ya Bengal Nagpur, iliitwa Kalimati, yaani "udongo mweusi". Mito miwili inakutana hapo, Kharkai na Subarnarekha, na Subarnarekha maana yake ni "mstari wa dhahabu", kwa sababu watu waliosha mchanga wake wakipata chembe za dhahabu. Mahali pa makutano panaitwa Domuhani, "midomo miwili". Majina hayo yanaeleza nchi: rangi ya udongo, mwendo wa maji, kitu kilichomo ndani ya mchanga. Majina yaliyokuja baadaye yanaeleza mwenye mali.

Mwenye mali huyo, hata hivyo, hakuwa mtu wa kudharauliwa, na ingekuwa uongo kumwandika kama mkoloni mwingine tu. Jamsetji Tata alitaka Wahindi wayeyushe chuma chao wenyewe wakati Waingereza waliona kazi hiyo si yao. Inasimuliwa kwamba mkubwa mmoja wa reli, Sir Frederick Upcott, alisema yuko tayari kula kila ratili ya reli ambayo Matata watafaulu kutengeneza. Mwaka wa 1904 mwanajiolojia Mbengali, Pramatha Nath Bose, alimwandikia Tata barua akimjulisha kwamba kuna mawe mengi ya chuma katika milima ya Mayurbhanj. Tata alifariki mwaka huohuo. Mwanawe Dorabji akaendelea, akiwa na wahandisi Waamerika, kati yao Charles Page Perin. Kampuni iliandikishwa Bombay mwaka wa 1907. Walijaribu kutafuta fedha London, hazikupatikana kwa masharti waliyotaka. Wakarudi kwa Wahindi wenyewe, na ndani ya wiki tatu watu wapatao 8,000 walinunua hisa zote.

Mahali pa kiwanda palichaguliwa kwa hesabu ya usafiri. Mawe ya chuma yalikuwa kusini, Gorumahisani. Makaa ya mawe yalikuwa kaskazini, Jharia. Maji yalikuwa katika mito ile miwili. Reli ya kwenda bandari ya Calcutta ilikuwa Kalimati. Sakchi ilikuwa katikati ya vyote. Chuma cha kwanza kilitoka mwezi wa Desemba 1911, na chuma cha pua kikafuata mwezi wa Februari 1912.

Mtu wa Lubumbashi akisoma tarehe hizo hawezi kukaa kimya. Reli ilifika kwetu kutoka kusini mwaka wa 1910, na tanuru la kando ya mto Lubumbashi lilitoa shaba ya kwanza mwaka huohuo wa 1911. Sisi nasi makaa yetu yalitoka mbali, Wankie, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Miji hii miwili haikujuana, lakini ilizaliwa pamoja, kwa njia moja: kwanza mawe, halafu reli, halafu tanuru, halafu watu, na mwisho kabisa jina. Wakati mji wetu ulipopewa jina la malkia wa Wabelgiji, Elisabeth, Sakchi ilikuwa bado Sakchi kwa miaka tisa.

Ni vita vilivyoibadilisha. Kuanzia 1914 jeshi la Uingereza lilihitaji reli kwa wingi, na kiwanda cha Sakchi kilizitoa. Reli hizo zilipelekwa Mesopotamia, Misri, Palestina, na Afrika ya Mashariki. Ndiyo, Afrika ya Mashariki, katika vita vilevile ambavyo askari wa Force Publique kutoka kwetu waliingia Tabora mwezi wa Septemba 1916, na wapagazi wetu wakafa njiani wakibeba mizigo mahali ambapo reli haikufika. Lord Chelmsford alipokuja Januari 1919, alikuja kushukuru kwa reli hizo. Shukrani yake ilikuwa ni jina: Sakchi ikawa Jamshedpur, Kalimati ikawa Tatanagar. Kwa hiyo jina lile ni malipo ya vita. Niliposoma hivyo nilielewa kwa nini mwalimu wetu husema kwamba nyuma ya jina la mahali tutafute daima tarehe, na nyuma ya tarehe tutafute mzigo uliokuwa ukisafirishwa.

Reli haikupeleka chuma tu. Ilileta watu. Tatanagar ni makutano: njia moja inakwenda mashariki hadi Howrah, nyingine magharibi hadi Nagpur na Mumbai, nyingine inapanda kaskazini kwenye nchi ya makaa, na nyingine inashuka kusini hadi Badampahar kwenye mawe ya chuma. Kwa njia hizo walifika Wabengali, Wabihari, Waodia, Wapunjabi, Watelugu, Watamil, Wagujarati. Leo Jamshedpur inazungumza Kihindi sokoni, lakini nyumba moja inazungumza Kibengali, ya pili Kiodia, ya tatu Kibhojpuri, ya nne Kisantali. Hapa pia nilitambua mji wangu. Kiswahili cha Lubumbashi hakikuletwa tayari kama mzigo kwenye behewa. Kilikua katika kambi za wafanyakazi, kati ya watu waliotoka Kasai, Maniema, Rwanda, Luapula na kwingineko, ambao walipaswa kuelewana kesho yake asubuhi kazini.

Kwa yule anayetaka kusafiri leo, niongeze haya. Ranchi, mji mkuu wa jimbo la Jharkhand, uko kilomita 130 hivi kwa barabara. Uwanja wa ndege upo, mtaa wa Sonari, lakini ni mdogo, na wasafiri wengi hupandia ndege Ranchi au Kolkata. Gari-moshi limebaki mlango mkubwa wa mji. Jamshedpur yenyewe ilitengeneza vyombo vya safari: kuanzia mwaka wa 1945 kampuni iliyoitwa Telco ilijenga huko mitambo ya mvuke ya kuvuta gari-moshi, kazi iliyokwisha mwaka wa 1970, na kuanzia 1954 ikaunda malori pamoja na Daimler-Benz ya Ujerumani. Ukisimama kwenye barabara ya Kasumbalesa, siku moja utaona lori lenye neno TATA usoni. Jina lililobandikwa Kalimati mwaka wa 1919 limefika mpaka kwetu kwa magurudumu.

Niliposoma kazi yangu darasani, neno hilo ndilo lililowachekesha wenzangu. Katika Kibemba, katika Lingala, katika Kikongo, *tata* ni baba. "Basi Tatanagar ni mji wa baba!" alisema mmoja nyuma, na chumba kizima kikacheka. Mwalimu alitukumbusha kwamba maneno kufanana kwa sauti si undugu, na ana haki. Tata ya Maparsi na tata ya Wabemba hazina uhusiano wowote. Lakini kicheko kile kilinipeleka mahali ambapo vitabu vya onomastika havikunipeleka.

Babu yangu alitumika miaka mingi kwenye kiwanda cha shaba. Kwake kampuni ilikuwa na jina moja tu, kazi, na alipenda kusema: "Kazi njo baba, kazi njo mama." Kazi ilitoa nyumba, unga, shule ya watoto, hospitali, mpira wa Jumapili. Wazee wengi wa mji huu walizungumza hivyo. Mwanahistoria wa chuo kikuu chetu, Donatien Dibwe dia Mwembu, alipotunga kitabu juu ya maisha ya wafanyakazi hao na familia zao, alikiita kwa neno hilohilo la ukoo: watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Kampuni ikiitwa baba, ikidhoofika watu hawasemi tu kwamba wamekosa mshahara. Wanasema wamekuwa yatima.

Jamshedpur ni mji ambao baba yake bado yuko nyumbani. Mwaka wa 1902 Jamsetji alimwandikia mwanawe Dorabji juu ya mji atakaojenga: njia pana, miti ya kivuli inayokua haraka, nafasi kwa bustani na viwanja vya mpira, na mahali pa mahekalu, misikiti na makanisa. Mengi ya hayo yalifanyika. Wafanyakazi walipata siku ya kazi ya saa nane mwaka wa 1912, mapema kuliko nchi nyingi za Ulaya. Bustani ya Jubilee ilifunguliwa na waziri mkuu Nehru mwaka wa 1958, kampuni ilipotimiza miaka hamsini. Maji, umeme na usafi wa barabara katika eneo la kampuni vinaangaliwa na kampuni yenyewe kupitia kampuni-mtoto yake. Kila tarehe 3 Machi, siku ya kuzaliwa kwa Jamsetji, mji huwashwa taa.

Lakini baba hapigiwi kura. Jamshedpur ni mji mkubwa kuliko yote katika sehemu yake ya jimbo, na bado haina halmashauri ya mji iliyochaguliwa na wakaaji wake wote kama ilivyo katika miji mingine ya India. Katiba ya India, ilipobadilishwa mwaka wa 1992 ili kila mji uwe na halmashauri ya kuchaguliwa, iliacha mlango kwa miji ya viwanda ambako kampuni inatoa huduma. Watu wa Jamshedpur wamebishana juu ya mlango huo kwa miaka mingi, hata mahakamani. Wengine wanasema: tuna maji safi, tutafute nini zaidi? Wengine, hasa wanaokaa katika mitaa ya nje ya eneo la kampuni, wanauliza kwa nini maji hayo yanakoma kwenye mpaka. Wote wana sababu, na mimi si hakimu wao. Naona tu kwamba jina la mji limejibu swali kabla halijaulizwa: mji wa Jamshed, mji wa Tata.

Ndiyo maana, nilipotafuta watu mashuhuri wa Jamshedpur, sikutosheka na wale ambao majina yao yako kwenye sanamu. Wapo wale mnaowajua kwa filamu: Priyanka Chopra alizaliwa huko mwaka wa 1982, mwigizaji R. Madhavan mwaka wa 1970, na mtengeneza filamu Imtiaz Ali mwaka wa 1971. Wote waliondoka, kama watoto wengi wa miji ya viwanda wanavyoondoka. Yuko Deepika Kumari, binti wa familia maskini ya karibu na Ranchi, aliyejifunza mishale katika shule ya kampuni huko Jamshedpur na kuwa bingwa wa dunia wa vijana. Lakini wapo pia waliomjibu baba. Wafanyakazi waligoma mwaka wa 1920, wakagoma tena 1922, na mgomo mkubwa wa 1928 ulimleta Subhas Chandra Bose, ambaye baadaye angejulikana dunia nzima, kuwa kiongozi wa chama chao. Baada yake alikuja Abdul Bari, mwalimu ambaye watu walimwita Profesa. Aliongoza chama cha wafanyakazi mpaka alipopigwa risasi na kufa mwezi wa Machi 1947, miezi michache kabla ya uhuru. Na mwezi wa Agosti 1987, katika Jamshedpur yenyewe, aliuawa Nirmal Mahto, kijana kiongozi wa chama kilichodai jimbo kwa ajili ya watu wa nchi ile. Jimbo hilo, Jharkhand, lilizaliwa tarehe 15 Novemba 2000.

Mtu ambaye amenigusa kuliko wote, lakini, hakuwa wa mjini. Alikuwa wa upande wa reli. Nimesema kwamba njia moja kutoka Tatanagar inashuka kusini kwenye mawe ya chuma, hadi Badampahar. Njiani kuna stesheni iitwayo Rairangpur, katika Mayurbhanj. Karibu na hapo alizaliwa mwaka wa 1905 Raghunath Murmu, Msantal. Shuleni alifundishwa kwa Kiodia. Kisantali, lugha ya mama yake, ilikuwa ikiandikwa na wamisionari kwa herufi za Kilatini, na wengine waliiandika kwa herufi za Kibengali, za Kiodia au za Kihindi, kila jimbo kwa desturi yake. Msantal wa upande huu hakuweza kusoma barua ya Msantal wa upande ule, ingawa walisema lugha moja. Mwaka wa 1925, akiwa kijana wa miaka ishirini, Murmu alitunga herufi mpya kwa ajili ya sauti za Kisantali. Herufi hizo 30 huitwa Ol Chiki, na maumbo yake aliyatafuta katika vitu ambavyo mkulima anaviona kila siku. Halafu akawa mwalimu, akaandika vitabu vya kufundishia watoto, nyimbo na michezo ya kuigiza, ili herufi zake zipate kitu cha kusema.

Mwaka wa 2003 Kisantali kiliingizwa katika orodha ya lugha zinazotambuliwa na Katiba ya India, orodha iliyofikia hapo lugha 22. Na mwaka wa 2022 mwanamke Msantal kutoka upande uleule wa Rairangpur, Droupadi Murmu, aliyewahi kuwa mwalimu huko, akawa rais wa nchi nzima. Reli iliyotandikwa ili kuchukua mawe ya chuma kutoka milima ya Wasantal ilipita mlangoni mwa mtu ambaye aliirudishia lugha yao heshima. Reli haikumletea herufi hizo, alizitunga mwenyewe.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Baada ya uhuru India imebadilisha majina mengi: Bombay ikawa Mumbai mwaka wa 1995, Calcutta ikawa Kolkata mwaka wa 2001. Jamshedpur haikuguswa, na sababu yake inaeleweka. Jina lililowekwa na mtawala Mwingereza lilikuwa la Mhindi, aliyejenga kwa fedha za Wahindi. Kwa nchi nzima ni jina la fahari. Kwa mtoto wa Kisantali wa kijiji kilichofunikwa na kiwanda, ni jina la mgeni kama jina jingine lolote. Hisia hizo mbili ni za kweli, na hakuna bango linaloweza kuzibeba zote mbili. Majina ya zamani hayakufa, yalishuka tu cheo. Sakchi leo ni mtaa wa soko. Baridih, Kasidih na mitaa mingine yenye kiishio *-dih*, ambacho maana yake ni makazi au kijiji, inaonyesha bado mahali ambapo vijiji vilikuwa. Kando yake kuna mitaa iitwayo Telco, Tinplate na Cable Town. Ramani ya Jamshedpur inasomeka kama mazungumzo kati ya mkulima na kampuni.

Sisi tulifanya kinyume. Mwaka wa 1966 tuliondoa jina la malkia, tukachukua jina la mto mdogo uliokuwa hapa kabla ya tanuru. Ni kana kwamba Jamshedpur ingeitwa tena Sakchi au Kharkai. Tulikuwa na haki, na mimi ninalipenda jina letu. Lakini habari za Raghunath Murmu zinanizuia kusherehekea haraka. Jamshedpur haikubadilisha bango, na mtoto wa Kisantali anaweza leo kusoma kwa herufi zilizotungwa kwa ajili ya lugha yake. Lubumbashi ilibadilisha bango, na mtoto wa Katuba au Kenya anazungumza mchana kutwa Kiswahili ambacho hakuna kitabu chake cha shule kinachokijua. Akifika chuo kikuu atakisoma kwa Kifaransa, kama mtu anayesoma habari za jirani.

Kama tunataka kujua mji wetu unasema nini, kubadilisha jina lake ilikuwa kazi ya siku moja. Iliyobaki ni kazi ya kitivo kama hiki, nayo ni ndefu. Vijiji vilivyokuwa hapa kabla ya 1910 vilikuwa na majina, na baadhi yake yamo bado katika midomo ya wazee wa pembezoni mwa mji. Kila kambi ya wafanyakazi ilikuwa na jina rasmi kwa Kifaransa, na jina jingine ambalo watu walilipa kwa Kiswahili, mara nyingi la kuchekesha. Hayo yakusanywe, yaandikwe kama yanavyotamkwa, na Kiswahili kilichoyabeba kiandikwe nacho jinsi kilivyo, bila kukionea haya mbele ya Kiswahili cha pwani. Yeyote kati yenu atakayepewa kozi ile mwaka ujao na asiokote kikaratasi cha mji wa mbali. Achukue gari la Ruashi au la Kampemba, atafute mzee, amuulize mahali alipozaliwa paliitwaje, na aandike jibu kwa maneno ya mzee mwenyewe.